Nimekufananisha

Ilianza mikononi, zamu ya usiku, zahanati ya Hombolo.
Glavu nyeupe, unga wake ukipepea chini ya taa,
nami navua ya kumi na moja, ya kumi na mbili,
nakuta ngozi imeumuka kama andazi.
Nikalaumu sabuni. Nikalaumu maji ya kisima na chumvi yake.
Miaka kumi na tisa nimepokea vichwa vya watoto
kwa mikono hii.
Mpira sikuudhania kabisa.

Kisha ndizi.
Moja tu, nimeinunua Kibaigwa,
nimeimenya nikisubiri chenji.
Chenji haijarudi, midomo imekwisha jaa,
na koo linafungwa taratibu
kama mdomo wa gunia la mahindi
mshonaji anapovuta kamba ya mwisho.
Waliokuwa karibu wakasema sumu.
Sindano ya pajani ikasema vingine.

Daktari Ndahani, pale mjini, alichora nyuma ya fomu:
Mmea nao una askari wake, dada Sechelela.
Uchanje mpira, utoboe ndizi, ukungu ukipiga hodi,
wanatoka proteini hawa, wadogo, kuziba jeraha.
Ni wa ukoo mmoja, ingawa miti yenyewe haijuani.
Mwili wako ulimchukia mmoja, wa kwenye glavu.
Sasa kila mwenye pua kama ile
unamfungulia kesi.

Akaandika washtakiwa: ndizi, parachichi, papai.
Akafikiri kidogo, akaongeza: chavua.

Chavua!
Nami nimeolewa na mkulima wa alizeti.
Mwezi wa nne shamba la Chedego linawaka njano mpaka mlangoni,
macho yangu yanachuruzika kama nimefiwa.
Siku hizi anaoga nje, kwenye ua wa mabua,
shati analiacha juu ya kigingi cha mbuzi,
ndipo anaingia, mbichi, akinuka maji.
Hata enzi za uchumba
hakunibembeleza hivyo.

Mti nimeusamehe.
Ulikuwa unafunga kidonda chake.
Na wewe, damu yangu, ulikuwa lindoni, filimbi mdomoni,
sungusungu usiyelala,
ukimpiga mpita njia kwa kosa la sura.
Mlinzi kwa mlinzi, gizani, wanaumizana,
na mwizi hayupo. Hakuwahi kuwapo.
Mtu akikosea sokoni Majengo,
akakushika bega, ukageuka, kumbe siye,
husema: samahani, nimekufananisha.
Yanaisha. Pengine mnacheka.
Wewe neno hilo hukufundishwa.
Wewe ukishafananisha, umefananisha.

Jumanne glavu za bluu ziliisha.
Zimebaki nyeupe, boksi zima, limenyamaza rafuni,
na mama wa Ipala amekwisha anza kusukuma.
Nilimwamsha Nyemo, mwanafunzi, akavaa yeye.
Mimi nikasimama mlangoni, upepo ukitoka kwangu kwenda kwao,
nikakunga kwa mdomo:
shika kichwa. Usivute. Ngoja.
Ngoja, nimesema.
Mikono yangu nimeifumbata kwapani
kama vitu vya kuazima.

Akaja wa kwanza. Kisha, tukidhani ni kondo,
akaja wa pili.
Wasichana, kope kwa kope, ukucha kwa ukucha.
Nyemo akachomoa uzi mwekundu kwenye khanga,
akamfunga wa kwanza kifundoni
tusije tukawachanganya.
Mama yao akautazama uzi, akatutazama sisi.
“Wa nini?” akauliza,
akamnyonyesha mmoja, akamwita jina,
akamgeukia mwingine, akamwita lake.

Kulipokucha niliuomba ule uzi.
Upo hapa, mkono wa kushoto,
juu kidogo ya pale glavu zilipokuwa zikiishia.
Ni wa pamba.
Hauwashi.