Matone Arobaini na Mawili

Ujumbe wa Lugito umeingia saa tisa usiku:
Dada, fomu zinafungwa Ijumaa.
Nitajie kozi isiyo na hesabu.

Simu naitumbukiza mfukoni mwa gwanda.
Kitanda cha sita, mama mchuuza dagaa wa Mwaloni,
midomo mikavu, anaweweseka kwa Kikerewe,
na mashine ya kuhesabia dripu imekufa tangu Pasaka.
Mia tano mara ishirini,
gawanya kwa dakika mia mbili na arobaini:
arobaini na moja nukta sita, sita, sita,
sita zinapanga foleni hadi nje ya wodi,
zinateremka kilima, zinaingia ziwani.
Lakini tone halikatwi vipande.
Arobaini na mawili.

Mimi huyu.
Mimi wa F kidato cha pili, F kidato cha nne,
niliyesoma tangazo la chuo, Hisabati: si lazima,
nikashuka mawe ya Igogo nikirukaruka
kama mbuzi aliyekata kamba.

Nimwambie nini Lugito?
Habari za Bwire, aliyekuwa akimsahihisha Mwalimu Magesa ubaoni
hadi chaki ikatetemeka?
Ni mhandisi wa barabara sasa. Tulikutana stendi ya Nyegezi.
"Kalikulasi?" akacheka. "Kompyuta inafanya.
Mimi najumlisha posho, nagombana na watu wa kokoto."

Au ya Nyanjige, mwenzangu wa dawati la nyuma,
ambaye sehemu zilimliza darasa la tano:
anaikunja futi mara mbili,
robo ya kifua, nusu ya robo, ongeza inchi ya mshono,
na gauni linamkaa bibi harusi wa Mabatini
kana kwamba alizaliwa nalo.
Mwulize tatu juu ya nane jumlisha robo:
atakufukuza kibandani.

Naandika: Hakuna kozi hiyo. Nafuta.
Naandika: Ipo, lakini. Nafuta.
Naandika: Hesabu ni harufu ya dagaa,
unahama mtaa, unaikuta kwenye shuka.
Nafuta hilo pia. Atadhani namcheka.

Mshale mwembamba wa saa yangu unaanza mzunguko.
Kidole kwenye kigurudumu cha mpira, nalegeza kidogo.
Naandika: Subiri dakika moja.
Thelathini na tisa. Arobaini.
Arobaini na moja.

Mama wa kitanda cha sita anafumbua jicho,
ananitazama midomo inavyocheza,
anauliza kama ninahesabu pesa zake.