Hodi, Nipishe Nikae

Nilipokuwa na miaka tisa majimoto walinila shingo
juu ya mkarafuu wa Mzee Shaame, kule Mtambile,
nami nikawapa kila tusi nililolijua.
Leo nimewarudia. Nimewasaga mia mbili
ndani ya kichupa kisichozidi kidole,
nisome walivyoandikwa.

Nilitarajia kukuta meno. Mbawa za malkia.
Ule ukali wa
hodi, nipishe nikae
mkojo wao unaowasha kuliko pilipili.
Nikakuta herufi nne tu, zikipangwa, zikipanguliwa,
na katikati ya maneno yenye kazi
kipande kimoja, kama cha mizani nane,
kimejichomeka pasipo kina.

Hakina meno, hakina mbawa.
Kinajua jambo moja: kujinakili na kuhamia kwengine.
Kimekaa kwenye ukurasa wa macho, kwenye ukurasa wa sumu,
na palipokuwa patupu kimepajaza,
hodi, nipishe nikae, hodi, nipishe nikae,
hata mwandishi akasahau alikuwa akisema nini.

Kimetoka wapi? Ndugu zake
hawamo kwa chungu mwengine yeyote niliyempima.
Nimewakuta kwa nyigu.
Labda utitiri mmoja, kafyonza huku akenda kufyonza kule,
alikibeba mdomoni asijue,
zamani, kabla Unguja haijajua karafuu,
kabla Unguja haijajitenga kuwa kisiwa.

Majimoto nao si wajinga. Wana daftari kama la sheha:
kila mgeni aliyewahi kuvuruga mtaa
jina lake limekatwa kipande, kikabandikwa humo,
na akitokea wa ukoo ule ule
hushikwa mdomo kabla hajamaliza
hodi, nipi

Wengi hufa hivyo. Nimeyahesabu magofu yao:
hodi nipishe nika
hodi, nipshe
odi nipi
di
Herufi zinabanduka mojamoja
kama chokaa kwenye nyumba iliyokosa mwenyewe.

Kwenye ripoti niliandika: takataka.
Dokta Mbarouk alipitisha, hakunyanyua hata kalamu.
Mchana ule upepo ukageuka, ukaja na kiwanda cha Wawi,
wanakokamua mafuta ya makonyo.
Makonyo! Usiku wa kuchambua, mama yangu Mize Kombo
karafuu akiziweka jamvini, makonyo akiyasukuma kwa mguu,
"yatoeni hayo, taka hizo,"
na siku hizi kuna watu wanayapima kwa kilo
na harufu yake imeniingia mpaka kwenye koti la maabara.

Nikalifuta neno. Nikarudi mezani.
Kipo kipande kimoja, kizee, kimevunjika mguu,
hakihami tena, hakizai.
Kimeketi mbele ya jeni ya kunusa,
ile inayomwambia mlinzi wa kiota
huyu wetu, huyu si wetu.
Kikiondolewa, jeni haiamki.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, tumezoea kusema;
huyu, aliyeingia kwa kuvunja,
kapewa ulinzi wa mlango.

Sijaiandika bado hiyo. Kwanza nilikwenda Mtambile.
Mlango umerudishwa nusu, taa haijawashwa,
nami, ambaye nusu ya mwili wangu
ni vipande vya namna hiyo hiyo,
nikasema
hodi

"Nani?" akauliza mama kutoka ndani.
Nikasita kidogo kumjibu.