Pishi Tatu

Mara ya kwanza ilikuja na rangi ya majani makavu,
mlango umeng'olewa, miguu ya askari inaning'inia nje
kama ya watoto juu ya ukuta wa chuoni.
Sisi Mtambwe tulikuwa tumeanika.
Majamvi saba, karafuu ya siku ya tatu,
ile inayoanza kulia ukiikanyaga.

Hakuna aliyetwambia. Mlio ulitangulia,
kama mtu anayetwanga kinu kitupu,
kisha minazi ikainama yote upande mmoja
na majamvi yakasimama.
Wima, wallahi, kama watu walioitwa majina.
Karafuu ikapanda juu ikarudi mvua,
paani, kisimani, ndani ya chungu cha Bi Kaije.
Kuku waliokimbia siku ile, wengine hatujawaona.

Kumbe wanasaka karafuu ya magendo.
Nikamwambia kijana mwenye nyota mbili begani:
"Ya magendo hujaiona, ya halali umeimwaga."
Akacheka. Kisha akaona sicheki.
Akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake:
Mize Shaame, pishi tatu.
Kiganjani! Deni gani huandikwa mahali pa kunawia?

Nilikwenda Wete mara nne.
Karani wa kwanza alinituma kwa wa pili,
wa pili alitaka barua ya sheha,
wa mwisho akaniuliza, "Namba ya ndege hiyo, mama?"
Kana kwamba nilisimama kusoma namba
nami nimeishika kanga kwa meno.

Tukaipa jina, Pangaboi.
Mwaka ule ilipita sana.
Siku moja inaning'iniza tangi la maji kwa kamba, inaelekea visiwani,
siku moja imepakia wapima ardhi na vikofia vyao,
na ile miezi ya uchaguzi, watu wanapopimana salamu,
ikapita chini chini, bunduki imechungulia.
Watoto walijifunza kuisoma tumbo:
ikiwa na kamba, kimbilia uwanjani;
ikiwa na mlango wazi, ingia ndani.
Mimi niliitazama kama unavyomtazama mdeni wako
anapokatiza kavaa kanzu mpya.

Kisha masika, njia imeliwa na maji,
na Riziki wangu, mimba ya kwanza,
damu haikungoja njia.
Mkunga akapiga simu, ikamteleza mkononi, akapiga tena.
Tukaambiwa: wekeni alama nyeupe.
Chokaa hatuna. Nikatoa shuka nne sandukuni,
zile nisizomtandikia mtu,
na kila pembe nikaweka jiwe la figa.
Safari hii nilikuwa naujua upepo wake.

Ikatua. Machela ikaingia pale pale ilipokaa bunduki,
matundu ya skrubu bado yako sakafuni.
Na rubani yule yule. Nyota zimekuwa tatu.
Sijui alinitambua. Ila alikitazama kiganja chake,
haraka, kama mtu anayetafuta saa.
"Nafasi ni moja," akasema. "Wewe au mkunga?"
Nikamsukuma mkunga ndani.

Ilipoinuka, shuka hazikutikisika.
Nikabaki na matope miguuni,
na huu mdomo wangu usiojua adabu hata matangani
ukapiga kelele ndani ya mlio: "Pishi tatu!"
Nani angesikia.

Usiku simu ikaja kutoka Mkoani.
Mtoto wa kiume, mama yake amelala,
ameongezwa damu ya mtu tusiyemjua.
Nikakaa chini pale pale jikoni, bila mafiga,
nikalia kama mjinga.

Sasa watu wananambia, Mize, umeshalipwa.
Nani kasema?
Mtoto katoka kwa Mungu. Karafuu ni deni la jeshi.
Wajukuu hawapimwi kwa pishi.

Leo nimeanika tena.
Kila jamvi pembe nne, mawe manne.
Mvua ikinyesha, maji ya paani kwangu bado yananukia,
na mtoto, akisikia ule mlio mbali,
huacha kunyonya, akageuza shingo.