Paa, Bila Ngeli

Bibi alibatizwa Makang'wa mwaka wa njaa.
Katekista Chilewa akamchagulia Dorkasi
kama mtu anayekupimia mtama wa msaada:
upesi, foleni ni ndefu.
"Maana yake?" akauliza, maji bado yanamchuruzika shingoni.
"Kiyunani hicho. Paa."
Akamwita mwingine.

Paa. Hakusema paa la, wala paa wa.
Bibi akatazama juu.

Juu ya nyumba ya tembe kulikuwa na fito, udongo mwekundu,
na majani ya kunde yaliyoanikwa.
Kumbe mimi ni hili, akajiambia,
na miaka hamsini na mitatu akaishi hivyo.
Wajane wawili wa ukoo wa mumewe walilala kwake.
Mtoto wa Nyemo, yule mwenye kifafa.
Mbuzi wenye mimba, msimu wa fisi.
Na mpimaji wa barabara kutoka Singida
aliyekuja na homa, akaondoka na blanketi.
Mvua ya Januari ilipotoboa udongo
alipanda mwenyewe na karai, akakanyagakanyaga:
"Jina likivuja, nani atalala pakavu?"

Mimi ndiye niliyeharibu.
Nilirudi likizo kutoka chuo cha theolojia
na kamusi ya Kiyunani yenye jalada la nailoni,
nikamwambia, kwa ule upole wa mtu aliyekaribia cheti:
Bibi, si paa la nyumba. Ni paa wa porini. Mnyama.
Wengine husema Wayunani walimwita hivyo kwa macho yake,
mapana, yanayoona kabla ya kuonekana.

Alikuwa akipeta uwele. Ungo ukasimama.
"Hao wanaonimalizia kunde?"
"Hao hao."
Akacheka hadi akashika ukuta,
kisha akanyamaza, akanyamaza, nikajuta.
"Silabi moja tu," akasema.
"Chilewa angesema *wa*, mjukuu wangu,
mimi ningekimbia."

Jioni akaegemeza ngazi, akapanda kuanua majani.
Alipomaliza hakushuka.
Alisimama pale, kapu kiunoni, uso kwenye mbuga,
macho yamefunguka kuliko nilivyowahi kuyaona,
na miguu yake, ile iliyopasuka visigino,
imesogea mpaka ukingoni.

Nikakumbuka kwamba neno hilo lina maana ya tatu,
isiyo na *la* wala *wa*,
isiyohitaji kitu chini yake.
Nikaishika ngazi.
Sikumwambia.