Kikombe Kilichobonyea

Daftari langu limelowa mafuta, jalada hata buluu yake huijui tena;
ukiliinua dirishani unasoma ukurasa wa nyuma ukiwa wa mbele.
Ndani yake nusu ya Walukuba inapika.

Adokorach wa nyumba ya kona alitangulia.
Malakwang: majani chemsha, maji ya kwanza mwaga,
uchachu ubaki kidogo, kama salamu ya mke mwenza.
Kisha odii, njugu na simsim za kusagwa kwa jiwe,
si ile ya mashine ya sokoni inayonuka dizeli.
Pembeni nimeandika: usikoroge ukiwa na hasira.
Nilijaribu.
Ilikatika.

Kemirembe akaja na eshabwe
kwenye chungu kilichofunikwa jani la mgomba.
Samli, maji baridi, chumvi ya mwamba, basi,
alisema, kama anayekuelekeza choo kilipo.
Mkono uliniwaka hadi begani
kabla ile njano haijakubali kuwa nyeupe.

Nami nikatoa gurusa ya mama, ya Bombo:
unga kopo moja, maji vikombe vitatu, ulale usiku kucha.
Kulipokucha mlango ukagongwa,
wanawake wanne, kila mmoja na bakuli la uji.
"Hadia, gurusa gani hii ya kunywa?"

Kikombe! Sikuwaambia kikombe kipi.
Ni kile cha bati kilichobonyea ubavuni
mwaka ule wa kukimbia, mama alipokiangukia
akiwa na mimi mgongoni na sufuria kichwani.
Kilikwenda Sudani kimebonyea, kikarudi kimebonyea.
Maji yake hayajai, na pale yasipojaa
ndipo gurusa inaposhikana.
Tangu siku hiyo kikombe hakilali kwangu,
kinatembea mlango kwa mlango kama mchango wa matanga.

Nambozo peke yake hakutoa kitu.
Malewa yake yalinukia hadi kituo cha maji,
ule moshi wa mlima, ule mwanzi mchanga uliokaushwa juu ya moto,
na sisi na ndoo zetu tukijifanya foleni ni ndefu.
"Mficha uchi hazai," nikamwambia.
Akacheka. Akafunika sufuria.

Mtoto wake alipolazwa Nalufenya tulimpelekea chakula kwa zamu.
Siku ya tisa, kwenye benchi la wadi,
alinisomea malewa yote bila kuombwa,
nami nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki.

Nimepika mara saba.
Tamu, ndiyo. Ya Nambozo, hapana.
Nikasema moyoni: kanificha kitu, mjanja huyu,
na moyoni hapakutosha, nikamwambia na Adokorach.

Hadi jioni moja nilikwenda kuazima kibiriti.
Alikuwa akinisimulia ugomvi wa kodi,
mkono wa kulia unakoroga, macho yako kwangu,
na mkono wa kushoto, wenyewe, bila kutumwa,
ukaenda nyuma ya mlango, ukachovya kwenye mtungi,
ukadondosha kitu cha kijivu, ukarudi kiunoni.

"Nini hicho?"
"Nini nini?"
"Ulichotia."
Akautazama mkono kama wa mgeni.
"Aa. Maji ya majivu, ya maganda ya maharagwe.
Hayo nayo huandikwa?"

Niliona aibu, sikuweza hata kuomba kibiriti.

Sasa binti yangu anapiga simu kutoka Arua:
mama, nimefuata neno kwa neno, pilau halitoki.
Namwambia nimeandika yote, wallahi,
na huku naitazama mikono yangu mezani,
siijui inafanya nini nikiwa naongea.

Njoo, mwanangu. Acha kalamu.
Simama hapo karibu na jiko, nisemeshe habari za watu,
na usinitazame usoni.

Ukipita kwa Kemirembe, mwambie akurudishie kikombe.
Kesho ni Ijumaa na unga sijalaza.