Moto wa Makumbi

Redruth, Januari. Mvua hapa hainyeshi kutoka juu,
inapita ubavuni kama mtu anayekwepa mdai.
Loveday Trembath ananipokea koti mlangoni:
"Ingia, mpenzi." Huku kila mtu ni mpenzi,
hata fundi wa bomba, hata mimi Mwanatumu,
ambaye jina langu lilimkwama likabaki Tumu.

Babu yake alichimba bati.
Kwetu Pangani bati ni paa, ni kelele za masika;
hapa bati ni ngazi, giza, mshumaa kofiani
umeshikizwa kwa udongo. Na joto.
Kadiri walivyoshuka ndivyo walivyovua mashati.
Joto lile walilitukana. Hakuna aliyelinunua.

Kijiko kinagonga kikombe:
"Volkeno hatuna. Sasa mnachota nini?"

Nikamwambia makumbi.
Mama akiyafukia usiku hayatoi mwali wala moshi;
alfajiri unafukua, unapuliza, chai inachemka.
Graniti ya Cornwall ndivyo ilivyo.
Ndani yake mna chembe za urani na thori
zinazokufa moja moja, bila haraka,
na kila inayokufa huacha joto lake
kama mgeni anayeondoka akasahau shuka.
Karibu miaka milioni mia tatu
hakuna aliyelirudia.

Basi tumetoboa visima viwili.
Kirefu kina kilomita tano. Huko maji
yamepita kiwango cha kuchemka na hayachemki,
maana maji ya juu yake yameyakalia kifuani.
Tunayapandisha. Yanapita ubavuni mwa kimiminika kingine,
chepesi cha hasira, kinachofoka upesi:
mvuke wa hicho ndio unaozungusha turbini.
Maji yenyewe, yakishatoa joto, yanarudi
kwa kisima cha pili, yakajitafutie jingine.

Hayangoji upepo. Hayaulizi jua liko wapi,
swali la kipuuzi Redruth mwezi huu.

Sikumficha. Pampu nayo hula umeme wake.
Kekee inameza mamilioni kabla ya taa moja kuwaka,
na Jumanne ile ardhi ilijikuna,
vikombe vikalia kabatini.
"Nilidhani ni paka," akasema.
Tena kisima kimoja si mji:
ni mitaa kadhaa, shule, bwawa la kuogelea.
Ila graniti imelala chini ya rasi yote
mpaka inaingia baharini,
nasi tumeigusa ukucha tu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husemwa.
Babu yake Loveday aliingia. Alitoka,
mapafu yake hayakutoka.
Sisi tunatuma maji.

Akanyamaza. Akainuka, akaigusa redieta
chini ya dirisha. Baridi.
"Lini?"
"Mwezi wa tatu, bomba likifika mtaa huu."
Kiganja chake akakiacha pale pale.