Kipimo Kimoja

Agizo lilifika Jumatatu, karatasi moja:
mashati arobaini, rangi ya kahawia,
ukosi mgumu, mifuko miwili yenye vifuniko,
yote kipimo kimoja.

Fundi Mwinyikai akavua miwani, akaifuta kwa kanzu,
akaivaa, akasoma tena.
"Arobaini, na wote kifua kimoja?
Wamezaliwa tumbo moja, siku moja?"
Karani wa Bwana Kettler hakucheka.
Aliacha fedha taslimu juu ya meza
akarudi Pongwe kwenye mikonge yao.

Mimi nilikuwa mtoto wa vifungo.
Barabara ya Tisa, Ngamiani, kibarazani,
sindano kwenye ukosi, uzi mdomoni,
nilipiga vifungo mia mbili na themanini
wala sikuuliza vinafunga nini.

Jioni Salehe wa posta alitusomea gazeti:
kwamba huko Ulaya mtu mmoja kasema
na nchi nzima imeitika;
kwamba vitabu vimechomwa uwanjani
na waliokuwa wakivifundisha wakapiga makofi;
kwamba kwa Mtaliano nako ni mashati, meusi,
na meli zinapakia bunduki kwenda Uhabeshi.
Salehe akashusha gazeti. "Wazungu, kufanyiana hivi?"

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani.
Mgongoni mwake, chini ya kanzu,
zilikuwamo hamsa ishirini za boma la zamani,
kosa lake kuchelewa kuvua kofia.
"Kiboko nakijua," alisema.
"Nilidhani kimekufa.
Kumbe kilipanda meli, kimekwenda kusalimia kwao."

Jumamosi nikabeba furushi hadi klabuni.
Nilingoja malipo mlangoni, nikawaona wakivaa.
Mnene mmoja, vifungo vyangu vikilia tumboni.
Mwembamba mmoja, nguzo ndani ya gunia.
Hakuna aliyesema shati halimkai.
Tumbo lilivutwa ndani, bega likapandishwa,
kila mmoja akijibana, akijinyosha,
mpaka wakafanana.
Kisha mikono ikanyooka mbele ya picha ukutani
kama majani ya mkonge, safu kwa safu,
ncha juu.

Nikamsimulia Fundi. Alinyamaza
mpaka upindo ukaisha.
"Nguo ikimkataa mtu, mimi hukata nguo.
Hao, naona, wataanza kukata mtu."

Bwana Lewin alikuja peke yake, kwa miguu.
Mhasibu wa mkonge, aliyenipa stempu za barua zake:
tai, minara, daraja la nchi nisiyoijua.
Siku hizo hakupata barua.
Klabuni, alikokaa yeye, viti vya jirani vilihama.
Alileta koti la kijivu lililochakaa,
ligeuzwe, ndani kuwe nje.
Akiwa anapimwa, akaona vipande sakafuni.
Akaokota kimoja, cha kahawia.
Akakitazama. Akatazama vidole vyangu.
Akakirudisha palepale kilipokuwa.

Nilishikwa na haya.
Hata leo sijui ningesema nini,
na kwa lugha gani.

Hakurudi kulichukua koti.
Wengine walisema yuko Mombasa.
Wengine, kwamba alikwenda kumfuata mama yake,
akafika.

Vita vilipoanza, Waingereza wakawakusanya wale wa mkonge.
Usiku wa kuamkia, mpishi wa Kettler alitugongea
na mashati mawili chini ya kapu la mihogo.
Tufumue alama ya mkononi, upesi, kabla ya asubuhi.
Tulifumua. Kitambaa kilibaki na matundu ya sindano,
mraba mzima, ukikiinua kwenye taa
mwanga unapita.

Fundi amekufa, cherehani ni yangu.
Daftari lake la vipimo ninalo, limeliwa na mende pembeni.
Ukurasa wa mashati una mstari mmoja tu.
Ukurasa unaofuata, kwa kalamu ya risasi:
*Lewin. Kifua thelathini na sita.
Mkono wa kulia mrefu kidogo.
Bega la kushoto limeshuka inchi moja,
aachiwe.*